Kinafunguka kwa Mkono Mmoja

Maji yalikuwa yamenifika mapajani nilipogeuka nyuma na kumwona mama mkwe wangu akitumbukiza mkono kifuani. Nilidhani anatafuta leso. Nilidhani, Mungu anisamehe, mama wa watu amechanganyikiwa.

Akatoa kisu.

Gari letu lilikuwa limeteleza kwenye tope la mvua, likagonga ukingo wa daraja dogo, likatumbukia kichwa mbele kwenye mfereji uliofurika. Mume wangu alikuwa ameuegemea usukani, hana fahamu, damu ikimtiririka puani. Milango iligoma. Vioo vya umeme vilizimika pamoja na injini. Mkanda wangu ulikwama, na kila nilipouvuta ulizidi kunikaba. Nilikuwa nikipiga mayowe. Nakumbuka kwa sababu sauti ilinikauka siku kadhaa baadaye.

Mama hakupiga yowe hata moja. Huyu ni mwanamke ambaye ukimkanyaga, yeye ndiye anayekuomba radhi. Shemeji zangu walimtania kwamba amezaliwa betri ikiwa chini. Sasa alisukuma kinundu ubavuni mwa mpini kwa dole gumba, na bapa jeusi likachomoka, *tak!*, likasimama imara. Nusu ya makali yake ilikuwa na meno kama msumeno. Alijipenyeza katikati ya viti, akaukata mkanda wa mwanawe kwa mvuto mmoja, kisha wangu.

"Mshike mumeo kola," aliniambia. "Kichwa kisizame."

Akakikunja kisu, akakigeuza. Kitakoni mwa mpini palichomoza ncha fupi ya chuma. Aliigonga kwenye pembe ya kioo cha nyuma, mara moja, na kioo chote kikamwagika kama chumvi. Watu waliokuwa wakitelemka ukingoni wakatuvuta kupitia hapo, mume wangu kwanza, yeye mwisho.

Sasa miaka imepita, na watu wakinihadithia ajali zao huzungumzia maji, kiza, kifo kilivyowapitia karibu. Mimi huona mkono ule. Haukutetemeka. Ulijua njia.

Hospitalini tuliketi kwenye benchi la korido tumefunikwa mashuka, wakati mume wangu akishonwa chumba cha pili. Daktari alikuwa ametuhakikishia kwamba atapona. Ndipo nikapata nguvu ya kuuliza.

"Mama, kisu kile ni cha nani?"

"Changu." Akakitoa, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa kizito kuliko nilivyofikiri, kina joto la mwili wake. "Kishike vizuri. Unaona mpini unavyokwaruza? Hauponyoki, hata mkono ukilowa. Na hiki kibanio, unakipachika kwenye nguo, hakidondoki ukiinama kufagia."

Alikuwa akiongea kama anayenionyesha sufuria mpya.

"Bapa wamelipaka rangi nyeusi lisimetemete. Likishafunguka linajikaza palepale, haliwezi kurudi likakukata vidole ukisukumana na mtu." Akagusa kinundu cha ubavuni. "Na kinafunguka kwa mkono mmoja. Hilo ndilo nililolitaka hasa. Muuzaji alinionyesha vingi vizuri, lakini vilitaka mikono miwili."

"Kwa nini mkono mmoja, Mama?"

Alinitazama kama mtu anayeshangaa kwamba hilo nalo linaulizwa.

"Kwa sababu ule mwingine alikuwa anaushika."

Marehemu baba mkwe! Mzee wa busara, msuluhishi wa ndoa za watu, ambaye picha yake sebuleni ilifutwa vumbi kila asubuhi. Katika familia ile kulikuwa na mzaha wa miaka mingi kwamba mzee alihamia chumba cha wageni kwa kuukimbia mkoromo wa mkewe. Nami nilikuwa nimeucheka, mara ngapi sijui, mama akiwa amekaa papo hapo na bakuli la mboga mapajani.

"Uli... ulimfanya nini?"

"Sikumgusa. Nilikifungua tu, akasikia ile sauti. Alikitazama, akanitazama, akachukua mto wake." Akavuta shuka mabegani. "Alikuwa mtu wa kuelewa upesi."

"Lakini amefariki zamani, Mama. Mbona bado..."

"Mwili umezoea, mwanangu. Bila hicho najiona niko uchi."

Nilimshika mkono, nikashtuka kuona kwamba sasa, ndiyo kwanza, ulikuwa ukitetemeka.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akamtoa mume wangu kwenye kiti cha magurudumu, pua imefungwa bandeji, mkono mmoja umetundikwa shingoni, uso umevimba, anacheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa ameshasimuliwa na waliotuokoa. Akamkumbatia mama yake kwa mkono mzima.

"Mama! Kumbe wewe ni jeshi!" alisema. "Baba angekuwepo leo, angejivunia."

Mama alimpangusa shavu kwa ncha ya shuka, taratibu, akikwepa pale palipovimba.

"Asingeshangaa," alisema.

Kisha akamwuliza kama amekula.