Glavu Zinazorudi Wodini

Kila asubuhi Hajra aliosha glavu za jana kwa jiki, akazipaka poda, kisha akazianika nyuma ya jiko la hospitali, vidole vikitazama chini. Hospitali hiyo ndogo ya Nachingwea haikutupa kitu. Wageni walikuja, wakapiga picha shimo la taka lililo tupu, wakaondoka wakisifu.

Jua likikolea, glavu zilijaa mikono. Ilikuwa mikono ya wanawake waliofia wodi ya wazazi huku wamemshika nesi. Hajra aliikamua taratibu mpaka ikatoka. Mmoja tu ulikuwa mbishi, wa Scholastika wa Kilimarondo, ambaye ncha ya kidole chake cha shahada ilikatwa na mundu akivuna ufuta. Alikufa akiomba apakatishwe mtoto wake. Kwenye glavu yake ncha hiyo ilibaki bapa, na vidole vingine vilipapasa hewa.

Alhamisi, Zulfa, binti wa Hajra, aliletwa kutoka Likunja, Ruangwa, uchungu umemshika. Kwenye beseni alikuwa na kanga, pamba na glavu mpya, kama wajawazito wanavyoagizwa kliniki. Fidelis wa stoo alizichukua zile glavu akazifungia.

"Zinaanza za zamani, mama Zulfa. Ndiyo utaratibu."

"Mwanangu kaja na zake. Mzalisheni kwa hizo. Ile ya Scholastika isiingie mle."

"Haijakauka?"

"Imekauka. Lakini inatafuta mtoto."

"Kama imekauka haina tatizo," Fidelis alisema.

Hajra alikimbilia kwenye kamba aichome ile glavu. Kamba ilikuwa tupu. Alikwenda akaketi chini mlangoni mwa wodi.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Nesi Josephina alipovua glavu, ya kulia haikumwachia mtoto. Ilibaki imemshika kifundo cha mguu, ncha ya kidole kimoja bapa. Josephina aliivuta, mtoto akapiga kelele, akaiacha.

"Itachoka yenyewe," alisema, akaenda kwa mzazi mwingine.

Haikuchoka. Zulfa alirudi nayo Likunja. Kila mtoto aliposinzia, mkono ule ulimburuta polepole mkekani, kuelekea upande wa Kilimarondo. Hajra aliomba ruhusa kazini, akawa anashinda ameushika mguu wa pili, akiogopa hata kupiga chafya.

Jumatatu Fidelis alipiga simu. Hali ya mtoto hakuiulizia. Aliuliza glavu itarudi lini, maana ya kushoto imebaki peke yake, na wazazi wamejaa.