Kupendeza Kwanza, Hospitali Baadaye

Mjukuu wangu Kenzie aliruka kutoka juu ya kochi akidhani ana mabawa, akaangukia mkono. Kifundo cha mkono kikavimba palepale. Binti yangu Latrice, mama yake, akanyakua funguo za gari, kichwani kofia ya kulalia, miguuni ndala.

"Unakwenda wapi hivyo?" nikamwuliza.

"Hospitali, Mama! Huoni mkono?"

"Mimi naona mkono. Wao wataona ndala. Umesahau ya Rochelle?"

Rochelle ni binamu yake. Alimpeleka mwanawe hospitali na nepi iliyolowa, maofisa wa ustawi wa watoto wakawa wanakuja kumkagua nyumbani, hadi friji wanaifungua, miezi na miezi.

Hapa Cleveland, Marekani, sisi weusi tunajua: mtoto akiumia, kwanza anapendezeshwa, wasije wakasema hatunzwi. Nikaufunga ule mkono na barafu, tukamwogesha Kenzie huku analia, nikamsuka upya, nikampaka mafuta hadi magoti yakang'aa. Gauni la Pasaka, soksi nyeupe. Latrice akavaa suti na hereni za lulu. Mimi nikavaa kofia ya kanisani, ile yenye manyoya, maana sipendi kufanya mambo nusunusu. Tulipoingia mapokezi ungedhani tumekuja harusini.

Mbele yetu alikuwa Heather, jirani yetu mzungu, kavaa pajama. Mwanawe yuko pekupeku, chokoleti hadi masikioni.

"Alianguka jana kutoka paa la banda," Heather akamwambia daktari. "Nilidhani mkono utapona wenyewe."

"Wavulana hawa!" daktari akacheka, akampa mtoto stika. Nikafurahi kimoyomoyo. Kama hao wamepita, sisi si tutapigiwa makofi?

Ikafika zamu yetu.

"Ameumia saa ngapi?"

"Saa tisa," Latrice akajibu.

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia kumi na moja. "Na muda wote huo mlikuwa wapi?"

Latrice akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Nilikuwa napakwa mafuta," akasema Kenzie.

Daktari hakucheka. Alitoka akapiga simu kwa maofisa wa watoto: mzazi amechelewesha matibabu. Nesi akamvua Kenzie gauni, soksi, kila kitu, akamkagua mwili mzima akitafuta alama. Latrice aliambiwa huenda mtoto asirudi nyumbani leo. Alisimama pembeni, amekumbatia lile gauni. Mzaha wote ukaniisha. Niliwachukia wale watu, na mimi mwenyewe nilijichukia.

Ofisa aliyekuja, Bi Renfro, alikuwa mweusi mwenzetu, mama wa makamo. Sikumsubiri aketi.

"Tumechelewa kwa sababu yenu! Tulikuwa tunawavalia nyinyi! Wa pajama kakaa na mtoto tangu jana, mmempa stika!"

Alisikiliza hadi mwisho. Akazungumza na Kenzie peke yake, akaitazama picha ya mkono, akarudi.

"Mtoto anarudi nyumbani," akasema, na Latrice akaanza kulia. "Ila simu ikishapigwa haifutwi. Tutakuja kwenu, na tutarudi tena. Siku nyingine, mama, mleteni kama alivyo."

"Wewe una mtoto?" nikamwuliza.

"Ninaye. Aliwahi kuvunjika mguu."

"Ulimleta kama alivyo?"

Akatazama mlangoni kwanza.

"Nilimpigia shati pasi," akasema kwa sauti ya chini. "Na mimi nikavaa kitambulisho cha kazi shingoni. Siku hiyo nilikuwa likizo."