Pamba ya Mzee Shindilia

Kwa mara ya tatu ndani ya wiki moja, Mzee Shindilia aliiweka sigara yake ya umeme mezani kwa binti yake kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inaunguza koo. Ina ladha ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi." Aligusa mfuko wa shati lake, na binti akaliona umbo la pakiti mpya ya sigara. "Nakupa mpaka saa sita mchana. Ukishindwa, mimi narudi kwenye zangu za zamani. Zile hazihitaji fundi."

Akaondoka kurudi karakana yake ya magodoro, mikono nyuma, utadhani ndiye aliyekosewa.

Binti huyo wateja walimwita Fundi Mvuke. Alikuwa na meza moja kwenye kona ya duka la simu, taa ya shingo ndefu na bati la bisibisi ndogondogo, na riziki yake ilikuwa kusafisha vichwa. Kichwa, kwa lugha ya kazi yake, ni kile kidude cha ndani ya sigara ya umeme chenye waya uliosokotwa na pamba iliyopita katikati yake. Pamba inanyonya juisi, waya unapata moto, mtu anavuta mvuke. Waya ukishika masizi au pamba ikichoka, mvuke unakuwa mchungu. Wateja wake wengine walikaa miezi mitatu bila malalamiko. Baba yake, wiki hii, hakumaliza siku mbili.

"Fundi," muuza simu alimchokoza kutoka upande wa pili, "mji mzima unautibu, baba yako tu anakushinda?"

"Wewe uza vioo vyako," alimjibu. Lakini ilimuuma.

Ilimuuma kwa sababu hapa si suala la ladha. Mzee Shindilia alikuwa amevuta tumbaku miaka arobaini na kujaza magodoro ya pamba miaka hiyo hiyo arobaini, na mambo hayo mawili yaliishi chumba kimoja kwa bahati tu. Mwaka huu bahati ilikwisha. Cheche moja iliangukia lundo la pamba wakati mama yuko ndani anashona foronya za magodoro. Mama alitoka hai, mkono wa kushoto umeungua kuanzia kifundo hadi kiwiko. Siku bandeji ilipofunguliwa alisema sentensi moja: "Siku nikinusa sigara kwako, nafungasha." Na mama hakuwa mtu wa kusema ili kufanyisha mdomo mazoezi. Aliwahi kuapa hatakanyaga kwa wifi yake, na huu ni mwaka wa kumi na tisa wifi anamwona misibani tu.

Ndipo binti alipomletea baba sigara ya umeme, ya kuvutiwa nje kibarazani, kamwe si ndani. "Mama, niachie mimi," alisema siku ile. Leo ilikuwa siku ya arobaini na moja, na hakuwa tayari kusikia habari ya mama kufungasha.

Alivuta taa karibu. Mara ya kwanza alikuwa amekiosha kichwa na kuweka pamba mpya. Mara ya pili alibadilisha hadi waya. Mara zote mbili pamba iliyoungua aliitupa bila kuichunguza. Leo alipima umeme, ukawa sawasawa. Alinusa juisi, ilikuwa nzuri. Basi akashika kikoleo kuitoa pamba, nayo ikagoma kama jino. Alivuta tena, akazungusha, akavuta, mpaka ikachomoka kwa kishindo kidogo. Ilikuwa nyeusi katikati, na pembeni nyeupe kabisa, kavu, juisi haijaifikia. Mwisho mmoja ulikuwa na kipande cha ganda la mbegu, cha rangi ya kahawia, kidogo kuliko kichwa cha pini.

Pamba yake yeye ilitoka kwenye pakiti, safi, imechanwa. Hii aliijua. Aliilalia utotoni mwake kote, maganda yake yakimchoma mgongo. Kikulacho ki nguoni mwako! Alicheka peke yake, kisha hasira zikampanda. Alikusanya vifaa vyake vyote kwenye bati, akamwambia muuza simu amwangalizie meza, akaondoka mbio.

Saa sita ilikuwa bado kidogo. Karakanani alisikia cherehani ya mama ikienda kasi ndani. Baba alikuwa kibarazani, upande wa nyuma. Pakiti imefunguliwa. Sigara moja ilikuwa katikati ya vidole vyake, bado haijawashwa.

"Baba, nani ameshindilia kichwa hiki?"

"Mimi," alisema bila haya. "Uliiacha legelege. Pamba legelege ni aibu, mwanangu. Mteja akilalia wiki moja tu, katikati shimo."

"Sasa hiki nani anakilalia?"

Binti alichuchumaa, akamimina juisi kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Akasokota pamba mbili, moja akaibana kwa nguvu, nyingine akaiacha ipumue, akachovya ncha zote mbili. Kwenye ile iliyobanwa juisi iliishia mlangoni. Kwenye ile legelege ilipanda taratibu hadi juu.

"Pamba ya kubeba mtu na pamba ya kubeba maji si moja. Ukiibana hainywi. Isipokunywa, inaungua. Ulikosea, baba, basi. Yamekwisha."

Mzee aliitazama ile pamba iliyolowa kwa macho ya fundi.

"Sikukosea," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya mama. "Mara ya kwanza ndiyo nilikosea. Hizi mbili nilijua."

"Ulijua?"

"Ikiwa sawa haina kitu. Utamu tu, kama mvuke wa sufuria. Nilitaka iunguze. Na nilitaka siku nikiwasha hii," aliinua sigara, "watu waseme fundi kashindwa. Wasiseme mimi." Aliishusha. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe na mama yako mnaona nimeshautua. Mimi nimeubeba siku arobaini na moja."

Binti alimhurumia, na papo hapo alitamani kumrushia bati zima. Wiki nzima alikuwa amelala akijilaumu, akihesabu makosa ambayo hakuyafanya.

"Mimi si kisingizio chako, baba," alisema. Akamwekea bati mapajani. "Leo fundi ni wewe. Kikiungua, umekiunguza wewe. Na ukiwasha hiyo, umewasha wewe, nami nitaingia ndani nimsaidie mama kufunga mizigo."

Mzee alimtazama kama anayetafuta mzaha usoni pake. Hakuuona.

"Nishikie," alisema, akampa sigara.

Binti aliagiza, baba akatenda. Alibonyeza kitufe waya ukiwa mtupu, ukawaka mwekundu, masizi yakakatika. "Ngoja upoe. Usiutie majini na moto wake." Aliusugua kwa brashi, akauosha kwenye bakuli la maji ya moto mpaka maji yakawa meusi, akaupangusa kwa spiriti, akaupuliza. Kisha pamba, ile ya pakiti. Aliipitisha, na hapo kidole gumba chake, chenye sugu ya miaka arobaini, kikaanza kushindilia chenyewe.

Cherehani ilinyamaza ndani. Mzee naye akasita. Akanyofoa pamba kidogo kwa kucha ili iliyobaki ilegee. Akanyofoa nyingine. Binti alikaza macho ukutani asije akamsaidia.

Akadondosha juisi. "Dakika kumi," alisema binti. "Inywe kwanza."

Walikaa. Katikati ya dakika hizo mzee alinyoosha kiganja. "Nipe sigara yangu."

Alimpa. Alikuwa ameshasema yake. Mzee aliizungusha, akainusa, akafumba macho. Kisha akaitumbukiza kwenye bakuli la maji meusi, na pakiti nzima nyuma yake.

Dakika zilipotimia alivuta. Mvuke ulitoka mweupe, mlaini, ukapotea.

"Haina kitu," alisema.

Akavuta tena.