Uzito wa Mkono Kwenye Gia

Gari la kwenye skrini liliruka mbele, na kwenye kiti hapakuwa na mtu.

"Umeona?" wifi yake Mwalimu alisema, ameganda mlangoni na ufagio mkononi. "Gia ya tatu tena. Huyo ni kaka, nakwambia."

"Kaka yako alipokuwa hai hakuwahi kufika kazini kabla ya saa nne," Mwalimu alijibu bila kugeuka. "Leo ndiyo awahi saa tatu?"

Wifi alicheka, kisha akajuta kucheka.

Hii ilikuwa wiki ya sita tangu wamzike mume wa Mwalimu, na kwa wiki zote hizo mashine ilikuwa ikijitia gia yenyewe. Ilikuwa ya gemu ya mbio za magari: usukani, pedali tatu, na fimbo ya gia iliyong'olewa kwenye gari bovu. Marehemu ndiye aliyeifunga, wanafunzi wa udereva wazoee klachi kabla ya kuingia barabarani. Fimbo na kompyuta havikuelewana, basi akaunda adapta, kiboksi cha plastiki chenye nyaya nne kinachogeuza mwendo wa fimbo kuwa namba. Sasa wanafunzi wawili walikuwa wamekataa kukalia kile kiti. Na saa nne mkaguzi angefika. Akikuta gari linaondoka lenyewe, shule yao ya udereva inanyang'anywa kibali.

Mwalimu alibana waya mmoja mmoja. Zote zilikuwa zimekaza. Akafungua ukurasa wa vipimo, ambao marehemu peke yake ndiye alikuwa akiugusa.

Fimbo, ikiwa imesimama bila kushikwa, ilisoma 512. Lakini nyutro iliyohifadhiwa, pale fimbo isipokuwa kwenye gia yoyote, ilikuwa 571.

"Haya, mzimu wako huu hapa," alisema. "Njoo uone."

"Mimi naona vizuri nikiwa hapa."

"Ukitaka kupima, kompyuta inakuambia weka nyutro, bonyeza. Wewe unaachia fimbo, ndiyo unabonyeza. Kaka yako hakuachia. Alibonyeza mkono ukiwa juu, umeivuta nyuma kidogo."

Alijua mkono ule. Walikuwa wameugombania miaka kumi na moja: yeye akiwafokea wanafunzi watoe mkono kwenye gia, mumewe akiwa pembeni, kiganja chake kimelala juu ya fimbo kama paka. Wakati huo mashine haikuwa na tatizo. Mkono ulikuwepo. Sasa fimbo ilirudi katikati, na kompyuta ikadhani imesukumwa mbele, kwenye gia ya tatu.

"Kwa hiyo inamsubiri," wifi alisema polepole.

"Inasubiri namba."

"Namba yake."

Mwalimu alisogeza mshale hadi kwenye kitufe cha kupima upya. Nguo za marehemu alikuwa ameshazigawa. Viatu pia, bila chozi, watu wakamsema.

"Ukibonyeza, ile ya zamani inakwenda wapi?" wifi aliuliza.

"Inafutika."

"Iandike basi kwenye karatasi."

"Nikiiandika ni tarakimu tu, wifi."

Badala ya kubonyeza aliweka kiganja juu ya fimbo na kuivuta. 530. 558. 580, amezidisha. Alilegeza hadi ikasoma 571, na gari kwenye skrini likatulia. Kumbe haukuwa mkono mwepesi. Ulikuwa wa mtu aliyechoka, anayeegemea kitu bila kujua kwamba anaegemea. Alikaa naye mkono kwa mkono, akiogopa hata kupumua, namba isije ikasogea.

"Mkaguzi kashuka kwenye gari," wifi alinong'ona dirishani. "Wifi, anakuja."

Mwalimu alinyanyua kidole kimoja, kisha cha pili. Alipofika cha mwisho gari liliruka mbele, likagonga ukuta wa skrini, likarudi nyuma likajaribu tena. Alilitazama likijaribu mara tatu.

Kisha akabonyeza.

Vipimo vimehifadhiwa, skrini iliandika. Nyutro 512. Gari lilisimama tuli, injini ikinguruma taratibu, halina haja na mtu yeyote.

Mlango uligongwa. Hakuna aliyekwenda kuufungua. Wanawake wawili walibaki wamesimama mbele ya skrini wakilisubiri gari litikisike, na hata ulipogongwa mara ya pili walikuwa bado wanalisubiri.