Chupa Iliyokwama Mapokezini

Lydia Nekesa hakuwa mtu wa kuchezea sukari yake. Alikuwa nayo miaka kumi na moja, na kila mwaka barua ya kliniki pale Thamesmead, London, ilipoingia alikwenda: akapimwa presha, akavua viatu nyayo ziguswe, akatoa damu bila kukunja uso. Ila kile kichupa cha mkojo alichopewa akijaze nyumbani na kukirudisha, hicho kiliishia kwenye pipa la taka. Miaka minne mfululizo, haki ya Mungu.

Msimcheke. Vichupa vilipokelewa kwenye kaunta ya mapokezi, na aliyekaa hapo miaka hiyo minne alikuwa Kelvin, mume wa binti yake. Mwanamke wa Bungoma ampe mkwe wake mkojo mkononi, tena una joto! Kwa heshima ya kwao, Lydia hakuwahi hata kula naye meza moja. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alimwaga mikojo yao kutwa nzima wala hakuona kinyaa, lakini wale wazee hawakumwoa binti yake.

Aliyemkamata ni Daktari Ravinder. Alizaliwa Kisumu, Kiswahili alikiokota dukani kwa baba yake, na mwaka huu, tofauti na waliomtangulia, hakutosheka na majibu ya damu peke yake.

"Mama, damu inasema figo ni nzima," akasema. "Lakini damu huchelewa kusema. Mkojo ndio hutangulia, na hapa kwangu mkojo hakuna, miaka minne. Kwa nini?"

Lydia akatazama viatu vyake. Angeweza kudanganya, lakini alikuwa amechoka kudanganya. Akamweleza yote.

Ravinder hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. "Basi ingia choo hicho hapo, uniletee mimi mwenyewe."

Majibu hayakuwa mazuri: figo zilikuwa zikivujisha protini. Bado ni mapema, daktari akasema, na kuna vidonge vya kupunguza kasi. Ila kwanza lazima wahakikishe kwa mkojo wa alfajiri, kutoka nyumbani. Lydia aliogopa, tena sana. Mara tatu kwa wiki, kule kazini, alimvalisha mzee Albert apelekwe kusafishwa damu kwa mashine, maana figo za mzee zilikufa, na alijua anavyorudi: amelegea, hata kikombe hawezi kushika.

Walipatana kwamba chupa ataipokea daktari. Asubuhi ya miadi Lydia akafika nayo, imo ndani ya mfuko wa karatasi, mfuko umo ndani ya mkoba. Daktari hayupo, ameitwa kwa mgonjwa nyumbani. Gari la kuchukua vipimo liko nje, injini inanguruma. Na kwenye kaunta ni nani? Kelvin, peke yake.

Woi! Lydia akageuka, akafika hadi mlangoni. Rudi wiki ijayo, moyo ukamwambia, wiki moja ni nini? Ndivyo ulivyomwambia mwaka wa kwanza. Akasimama pale mlango ukijifungua na kujifunga, akamkumbuka Albert na kikombe chake. Akarudi, akaiweka chupa juu ya kaunta, uso ameuelekeza ukutani.

Kelvin akavaa glavu, akabandika jina, akaipeleka kwa dereva mwenyewe. Aliporudi, mama mkwe bado amesimama palepale. Kelvin alizaliwa London. Kiswahili alikisikia vizuri lakini kwa kawaida alijibu kwa Kiingereza. Leo alijikaza.

"Mama, mimi nilijua. Kila mwaka kompyuta inaniambia, huyu hajaleta, mpigie simu. Mimi naogopa. Mamangu alinifunza, mama mkwe haulizwi mambo ya mwili."

Lydia akamtazama machoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hasira ilimpanda, kisha akakosa pa kuipeleka, maana naye ndivyo alivyofunzwa.

"Miaka minne, Kelvin?"

"Minne, Mama."

"Mwaka ujao piga," akasema. "Nisiposhika, uje nyumbani ugonge mlango."

Majibu yalirudi Jumatatu. Protini ilikuwepo, tena imezidi ile ya kwanza. Aliyempigia simu aje achukue vidonge alikuwa Kelvin.