Sori ya Efraimu

Mdogo wangu Efraimu alirudi Mwika kwa Krismasi na gari jipya, akakuta halifiki mlangoni. Mama alikuwa sokoni, mimi nilikuwa Moshi mjini. Akaita vibarua, wakapanua njia. Waling'oa migomba, na mgomba huota tena. Lakini waling'oa pia masale yote, ile mimea ya majani marefu iliyozunguka kaburi la baba, wakayatupa.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Aliingia ndani akafunga mlango.

Nilimkuta Efraimu amekaa kwenye ngazi.

"Kaka, mwambie afungue. Nimesema sori mpaka nimechoka."

"Sori gani?" nikamwambia. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hilo neno nalijua. "Leo stendi mtu kanigonga na mkokoteni, sori. Benki mtandao umekata, sori. Basili hapo jirani kafiwa na mkewe, vijana wakamwandikia sori kwenye simu. Wewe mwenyewe usiposikia vizuri unasema sori. Mama hangoji hiyo. Anangoja isale."

Alijua. Huku kwetu ukimkosea mzazi unachuma jani la isale, unalifunga fundo, unampa kwa mikono miwili. Akilipokea, yameisha.

Akainuka haraka kuelekea kaburini. Akasimama katikati ya njia yake mpya.

"Hakuna hata moja," akasema.

"Utatoa wapi? Umeng'oa."

"Nikaombe kwa Basili?"

"Nenda. Umweleze la nini."

Hakwenda. Alichuchumaa pale kwenye udongo mbichi, mtu mzima mwenye mvi, akalia. Nilikuwa na maneno makali mdomoni. Nikayameza.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mama akatoa kichwa.

"Nyuma ya banda la ng'ombe," akasema. "Baba yenu alipokufa nilichomeka moja pale, la akiba. Chuma jani tu. Ukigusa shina, utanijua."

Efraimu alikimbia na viatu vyake vya mjini, akapita kwenye samadi. Alirudi na jani amelisokota ovyo ovyo. Mama akalitazama.

"Ndiyo fundo hilo? Umefunga mzigo wa majani ya ng'ombe?"

"Nimesahau, mama."

Mama akamshika vidole, akavielekeza taratibu, kama alivyokuwa akimfundisha kufunga kamba za viatu. Fundo lilipokaa sawa, akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa nipe."

Efraimu akampa kwa mikono miwili. Mama akalipokea jani, akalichomeka kwenye kanga yake kiunoni.

"Haya. Ingia ule, machalari yanapoa. Vua viatu kwanza, unanuka."

Asubuhi gari lilibaki barabarani. Tulikata vipande kutoka isale la mama, tukavipanda kuzunguka kaburi. Efraimu akirudi nyuma na jembe, akanikanyaga.

"Sori, kaka."

"Hapo sawa," nikamwambia. "Hapo ndipo mahali pake."