Nyuma ya Pipa la Tefu

Wiki ya Meskel, sikukuu ya Msalaba, Wagurage wa Addis Ababa walipokuwa wakijiandaa kufunga maduka na kurudi makwao kula nyama, Mulunesh alijifunga kitambaa kichwani akaingia katika jiko la marehemu mama yake kupunguza vyombo. Kusugua vyombo kabla ya sikukuu ni desturi yetu, na mwanamke asiyesugua husemwa mpaka Pasaka. Lakini jiko lile halikuwa na mahali pa kusimama mtu wa kusugua. Mama yake, Birke, hakuwahi kutupa hata mfuniko. Kilichopasuka alikiweka nyuma ya kizima, na kizima kilipopasuka alinunua kingine akakiweka mbele yake, hivyo hivyo mpaka kifo kikamkuta mlangoni kabisa, hana tena pa kurudi nyuma.

Uani Mulunesh alianzisha marundo: vya kubaki, vya kugawa, vya kutupa. Kazi ilikwenda vizuri mpaka alipokuja kaka yake Sahle kumsaidia, maana msaada wa Sahle ulikuwa kuketi kando ya rundo la kutupa na kuliokoa kimoja kimoja.

"Huo mdila hauna mdomo," alisema Mulunesh.

"Mdomo ulivunjika siku niliyofaulu mtihani. Mama aliruka nao mkononi."

"Basi uoe huo mdila."

Akautia mdila kwapani. Kisha Mulunesh alifunua chungu cha siagi kilichokuwa kitupu tangu zamani, na ile harufu ya siagi ya viungo ikatoka, mbichi kabisa, ikawakuta wote wawili. Ilikuwa harufu ya kuamshwa alfajiri, kuvishwa nguo mpya na kupandishwa gari huku umeshika mkate wa kocho wenye moto. Mulunesh alisikia uchungu wa kumtaka mama yake, akakifunika chungu, akakipeleka kwenye vya kubaki.

Waliposogeza pipa kubwa la nafaka ya tefu lililokuwa karibu na ukuta wa nyuma, walimkuta Zenebech. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akichagua mawe katika dengu. Zenebech alikuwa mtumishi wa nyumba ile tangu kabla wao hawajazaliwa. Alikufa kwa homa ya mapafu miaka mingi nyuma, na Sahle mwenyewe alishika pembe moja ya jeneza.

"Zenebech, kumbe uko huku," alisema Mulunesh.

"Ningekwenda wapi? Mlinizibia njia kwa masufuria."

Sahle alimuuliza habari za siku nyingi, akajibiwa ni nzuri, akaondoa madumu ili Zenebech anyooshe miguu. Alikuwa amevaa shuka jeupe la safari, furushi lake liko mapajani chini ya ungo wa dengu, na kichwani alikuwa na siagi, kama wanawake wetu wanavyopaka wakienda sikukuu. Siagi haikuwa imeyeyuka.

Aliletwa mjini kutoka Cheha, kwao Birke pia, akiwa msichana mdogo. Birke alimwahidi mama wa yule msichana kwamba atamrudisha kila Meskel. Basi kila Meskel Zenebech alipaka siagi, akafunga furushi, akasimama getini, na kila Meskel Birke alikumbuka kwamba nyumba haiwezi kubaki peke yake. "Mwakani, Zenebech," alikuwa akisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema akiwa tayari ndani ya gari.

Alasiri ile kazi ilisimama. Zenebech alikaanga kahawa, akaiponda, wakanywa mpaka maji ya mwisho ambayo hayana rangi. Akawalisha kwa mkono wake, tonge la injera na dengu kinywani kwa Sahle, tonge kinywani kwa Mulunesh, ingawa Sahle ana kipara na Mulunesh ana wajukuu. Walikumbushana mengi na kucheka mpaka jirani akachungulia, akamsalimu Zenebech, akaomba chumvi, akaenda zake.

"Mulu, uliniahidi kitu," alisema Zenebech. "Ulikuwa huna meno ya mbele. Ukasema, siku ukiwa na gari lako utanipeleka kwetu."

"Na gari ninalo!"

"Naliona. Zuri. Rangi tu ndiyo kama ya gari la maiti."

"Usiogope," alisema Sahle, "hilo ulishapanda."

Zenebech alicheka zaidi yao. Kisha akapangusa mdomo kwa ncha ya shuka. "Nataka kumwona mama yangu. Ni hilo tu."

"Mama yako si alifariki mwaka ule wa ukame?" aliuliza Sahle.

"Na mimi je? Kufa kumenizuia kumenya vitunguu?"

Mulunesh alimkumbatia na kumwambia kwamba safari hii, kwa jina la mama yake Birke, atakwenda. Alisema kweli. Ningependa ieleweke kwamba alisema kweli.

Asubuhi ya safari walipakia gari. Vya kugawa vilikuwa vya watu wa kijijini, na vilikuwa vingi: masufuria, birika, sahani zilizofungwa kwa magazeti, maboksi ya vikombe. Wajukuu walikaa juu ya mito, mito juu ya maboksi. Zenebech alisimama getini na furushi lake.

"Tushushe boksi hilo moja la vikombe," alisema Sahle.

"Nimeshampigia simu shangazi. Anavingoja. Unamjua mdomo wake."

"Basi masufuria."

"Masufuria ni ya kanisa, Sahle."

Mulunesh alizunguka gari, akafungua mlango, akaufunga. Akaangalia jiko lililokuwa sasa jeupe na wazi, vyombo vizuri vimepangwa kwenye rafu mpya, na mlango wenye kitasa dhaifu. Wezi wa Addis wanaijua Meskel kuliko mapadre. Alipanda, akateremsha kioo, machozi yakimtoka.

"Mwakani, Zenebech."

"Haya, mwanangu. Mfike salama." Akafunga geti kwa ndani.

Mchana walifika Cheha. Maua ya manjano yalikuwa yamejaa kando ya barabara. Kabla ya njia panda alisimama bibi mmoja mwenye shuka jeupe, amebeba sahani ya mti iliyofunikwa kwa jani, akisimamisha kila gari linalotoka mjini na kuchungulia ndani. Sahle, aliyeshika usukani, alimtambua, akapunguza mwendo, maana alikuwa na heshima kwa wakubwa, wazima na marehemu.

"Hakuja?" aliuliza bibi.

"Mwakani, mama," alisema Mulunesh.

"Haya. Lakini anakula vizuri?"

"Anakula."

"Basi mpelekeeni hii. Nimemkatia mwenyewe." Akampa sahani dirishani, akarudi shambani kati ya migomba.

Chini ya jani kulikuwa na kitfo, nyama mbichi iliyokatwakatwa kwa kisu, siagi bado inang'aa. Kurudi mjini ni baada ya wiki nzima, na nyama mbichi haingoji mtu. Mulunesh aliila kwa vidole, polepole, mpaka ikaisha, huku akilia, akawaambia wajukuu kwamba tangu utoto wake hajala kitu kitamu namna ile.